Riboni Niliyompelekea Mama Shambani

Nilijifunza kuweka riboni kwa sababu fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam alikuwa anawahi ndege. Aliifunga printa ya lebo juu ya meza ya chuma kwenye chumba cha kufungashia, akafunua kifuniko, akaonyesha mara moja tu huku anatazama saa, kisha akauliza hapa nani kasoma. Tulikuwa wanawake tupu, tumekaa kwenye mabenchi tunamenya korosho, nywele zimefungwa vitambaa vya kiwanda. Msimamizi akaninyooshea kidole, kwa sababu aliwahi kunikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. "Huyo wa kidato cha nne," akasema. Wenzangu wakaguna. Nikanyanyuka na kisu changu cha kumenyea mkononi na tumbo langu la miezi mitano, nikaenda kusimama mbele ya ile mashine.

Sitaki kusema nilifurahi. Lakini nilifurahi. Ndiyo maana hasira yangu haiishi.

Riboni ni utepe mweusi, mwembamba kuliko mfuko wa nailoni, mpana kama kiganja, umeviringwa kwenye bomba la karatasi ngumu. Upande mmoja una wino mkavu, wa pili hauna kitu. Printa ina kichwa kinachopata moto. Kichwa kinaukandamiza utepe juu ya lebo, wino unayeyuka, unabaki kwenye lebo. Riboni mpya inakaa nyuma, bomba tupu linakaa mbele, na utepe unapita chini ya kichwa kwenda kujizungusha kwenye lile bomba tupu. Basi. Ukikosea, wino ukatazama juu, unayeyukia kwenye kichwa badala ya lebo. Lebo zinatoka nyeupe pee, kichwa kinachafuka, na kichwa kikiungua, tuliambiwa, ni ghali kuliko sisi wote mle ndani.

Kitu ambacho fundi hakukisema ni kwamba riboni zinakuja za aina mbili. Nyingine zimeviringwa wino nje, nyingine wino ndani, na kwa macho zote ni nyeusi, zote zinang'aa. Siku ya kwanza nilitoa lebo nyeupe mpaka sakafu ikawa kama kuna sherehe. Msimamizi alinisimamia kichwani, hajui kitu, anasema tu, "Endelea, endelea, si umesoma?" Nikaja kugundua mwenyewe. Unachana kona ya lebo, unaibandika kwenye riboni, unaibandua. Ikitoka na weusi, wino uko upande huo. Hakuna aliyenifundisha. Na utepe wangu nilikuwa naubandika kwenye bomba tupu kwa ule ukingo mweupe wa lebo, kamwe si kwa selotepu ya kahawia ya kufungia katoni, maana gundi yake inaacha uchafu. Mtu yeyote wa chumba kile angeitambua riboni niliyoiweka mimi. Ilikuwa na mkanda mweupe mwanzoni, umenyooka, hauna kunyanzi.

Wanawake wa mabenchi wakaanza kuniita mheshimiwa. "Mheshimiwa wa lebo, tupishe tupite." Mimi vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa wino, vyao vimeliwa na mafuta ya maganda ya korosho, ngozi inavuka kama ya nyoka. Wino wangu unatoka kwa spiriti na pamba. Wao hakuna spiriti ya kuwatoa vile. Nilijua nimebahatika, na nilijua bahati yangu iko juu ya kibarua. Asubuhi unaitwa jina getini, usipoitwa unarudi nyumbani.

Ndiyo maana nilitaka mkataba. Nisikilize vizuri, maana baadaye watu walisema nilitaka makubwa. Nilitaka karatasi moja. Mwanangu alizaliwa na kifua kibaya. Hewa ikibadilika kidogo tu, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na unamsikia anafoka kifuani kama birika. Nimekaa naye hospitali mara ngapi, sijui. Pale dirishani kuna wenye kadi ya bima na kuna sisi. Mwenye mkataba pale kiwandani anapata kadi, yeye na mtoto wake. Baba yake alivuka mto pale Kilambo kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Aliyapata huko huko, pamoja na mke. Kwa hiyo kadi ya mwanangu ilikuwa iko mikononi mwangu tu, yaani kwenye riboni.

Msimamizi aliniahidi mara ya kwanza siku niliyookoa kichwa cha printa kisiungue. Aliniahidi mara ya pili nilipotoka uzazi, kwa sababu miezi ile niliyokuwa nyumbani walikuwa wanaandika lebo kwa kalamu ya mafuta, na wanunuzi wakalalamika. Akanifuata mpaka Rahaleo nilikopanga, mtoto bado hajakaza shingo, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Rudi dada yangu. Mkataba wako upo kwa tajiri, unasubiri saini tu." Nikarudi. Nilimkabidhi mtoto kwa mama jirani, na adhuhuri mama jirani alikuwa anamleta kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha mlinzi, nanyonyesha pale nje, narudi ndani. Kliniki waliniambia mama anayenyonyesha ana haki ya muda wake. Msimamizi aliniambia ananisaidia.

Sasa hapa ndipo habari yenyewe inapoanzia, kwenye takataka.

Riboni ikiisha haifai tena. Wino umekwenda kwenye lebo, na pale wino ulipotoka pamebaki uwazi. Ukiinua utepe uliotumika ukautazama kwenye mwanga, unasoma kila kilichochapwa, neno kwa neno, tarehe kwa tarehe, kama barua iliyotobolewa kwa mwanga. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo na nililiona ni jambo la kuchekesha tu. Riboni zilizoisha zilikuwa zinatupwa kwenye pipa. Mimi nikaanza kuzichukua, kwa sababu mama yangu analima mpunga bondeni Kilambo, karibu na mto, na ndege wa kule hawana adabu. Mpunga ukianza kutoa maziwa, mama anashinda juu ya dungu toka alfajiri akiamia, anapiga debe, anarusha madongo kwa kombeo, anawatukana ndege kwa Kimakonde. Nikampelekea riboni. Akazifunga kwenye miti, kutoka kona hadi kona, juu ya mpunga. Upepo ukipita zinavuma na kumeta, ndege wanapaa. Mama alifurahi kuliko siku niliyomletea redio. Aliziita mikanda ya kiwandani, na kila nikienda ananiuliza mikanda mingine iko wapi.

Mlinzi wa getini alikuwa anaziona. Nazitoa kwenye mfuko, namwonyesha, sijifichi. Alikuwa ananitania. "Unakwenda kuwasomesha ndege? Wafundishe na hesabu basi." Tunacheka, napita.

Alhamisi moja tulikuwa na shehena ya vipande. Korosho nzima ni daraja la juu. Iliyovunjika ni kipande, hata mtoto anajua tofauti. Msimamizi alinipa karatasi, nikaandika kwenye kompyuta namba ya shehena, daraja VIPANDE, tarehe. Nikaweka riboni mpya, nikachapa lebo zote asubuhi ile ile, nikamkabidhi mkononi. Adhuhuri nikaenda getini kunyonyesha. Mtoto alikuwa na mafua, ananyonya anaachia, ananyonya anaachia, nikachelewa kidogo. Niliporudi nikakuta kifuniko cha printa kiko wazi na kichwa kimejaa wino. Nikauliza kumetokea nini. Msimamizi akasema umeme ulikatika, ukarudi, akajaribu kuiwasha. Nikachukua pamba na spiriti, nikasafisha, nikamwambia siku nyingine aniite tu. Akasema sawa mama. Sikuwaza kitu. Alasiri nikachapa lebo za shehena nyingine mpaka riboni ikaisha, nikaivua, nikaitia kwenye mfuko na nyingine mbili. Jumapili nikazipeleka Kilambo.

Zilipita kama wiki tatu. Kontena likarudishwa kutoka bandarini. Walikuwa wamefungua katoni kukagua, nje lebo inasema NZIMA, ndani vipande vitupu. Kazi ilisimamishwa chumba kizima, msimamizi akasimama katikati ya chumba na lebo moja iliyobanduliwa, akaiinua juu.

"Lebo kiwanda hiki zinatoka kwa nani?"

Wote walinitazama. Nikasema nilichapa VIPANDE, nikampa yeye mkononi. Akasema nionyeshe karatasi. Karatasi alibaki nayo yeye. Akasema basi tuangalie kompyuta, na kwenye kompyuta faili la mwisho la shehena ile linasema NZIMA, limefunguliwa kwa neno langu la siri. Neno la siri lenyewe limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta, limeandikwa kwa kalamu nyekundu, kila anayepita analisoma. Nililisema hilo. Akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma.

"Tatizo nililiona mapema," akawaambia wenzangu, si mimi. "Mtu anachapa huku ananyonyesha. Mwili unarudi ndani, akili inabaki getini."

Kuna waliocheka. Siwataji, wanajijua. Mmoja ni mama wa watoto wanne.

Akanipa mpaka Jumatatu niandike maelezo. Akasema tajiri alikuwa ameshika kalamu asaini mkataba wangu, sasa nikishindwa kujieleza unachanwa, na kibarua chenyewe nikisahau. Nilitoka pale. Niandike nini? Niandike kwamba sikufanya? Nani anasoma hiyo? Nilifika Rahaleo, nikamchukua mwanangu kwa mama jirani, nikamweka kifuani, na nilipokuwa namsikiliza anavyofoka ndipo akili ikanijia. Riboni ya Alhamisi ile haikubaki kwenye pipa. Inafukuza ndege.

Jumamosi asubuhi nikapanda pikipiki na mtoto mgongoni mpaka Kilambo. Mama alinikuta nimeshaingia kwenye mpunga, kanga imelowa mpaka mapajani, nafungua mikanda. Akapiga kelele kutoka juu ya dungu.

"We mtoto, unanifanyia nini?"

Nikamweleza. Mama hakusoma, na nilipomwambia kwamba mikanda ile ina maneno alinitazama kama nimelewa. Nikashika mmoja, nikaunyoosha kwenye jua, nikamwonyesha herufi. Akasema anaona matundu. Nikamwambia ndiyo hayo. Akateremka, akamchukua mjukuu wake mgongoni mwangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hakuwa anatania, kwamba nikizitoa zote, jioni hatakuwa na mpunga.

Nikazitoa hivyo hivyo. Moja moja, kutoka mti hadi mti, natembea nayo kwenye maji naisoma huku nimeinua mikono. Jua limezipausha nyingine, upepo umezichana nyingine. Tarehe, namba, daraja. Tarehe, namba, daraja. Nyuma yangu ndege wanashuka kwa makundi pale nilipokwisha toa, na mama, mjukuu mgongoni, anazunguka na kombeo, anarusha, anatukana. Niliusikia mpunga wake unavyoliwa. Ukisikia mlio ule huwezi kuusahau, kama watu wengi wanatafuna kwa wakati mmoja.

Niliipata karibu na mto. Mkanda wangu mweupe mwanzoni, umenyooka. Halafu VIPANDE. VIPANDE, VIPANDE, VIPANDE, na namba ya shehena ile ile, hatua baada ya hatua. Nikawa nalia huku nasoma. Halafu utepe ukakatika. Ulikuwa umeungwa kwa selotepu ya kahawia.

Baada ya selotepu kuna kipande kilichokunjamana, wino umelika ovyo, herufi zimevurugika, kama mtu aliyeweka riboni chini juu. Halafu selotepu ya kahawia tena. Halafu NZIMA. Namba ya shehena ile ile, tarehe ile ile, NZIMA, NZIMA, mpaka nikachoka kusoma. Mwishoni ndipo zinakuja lebo zangu za alasiri.

Nikakaa kwenye tuta, kwenye tope. Nilimwona msimamizi kabisa, kama nimekuwepo. Mimi niko getini namwaga maziwa kwenye kinywa cha mtoto mwenye mafua, yeye anakata utepe, anauweka kinyume kama nilivyokosea mimi siku ya kwanza, lebo zinatoka nyeupe, anatoa jasho, anageuza, anaunga na selotepu ya katoni kwa sababu hajui mimi naunga na nini. Mimi nikarudi nikamsafishia. Nikamwambia siku nyingine aniite.

Mama aliuliza kama nimepata nilichotaka. Nikasema nimepata. Akatazama shamba lake. Hajawahi kunilaumu mpaka leo, na ningeona nafuu kama angenilaumu.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa tajiri mtoto mgongoni, riboni kwenye mfuko, nimeizungusha upya kwenye bomba. Tajiri ni mtu wa sauti ndogo. Hajawahi kumfokea mtu pale, huwa anatuitikia salamu mmoja mmoja, na mimi miaka yote niliamini kwamba shida ni msimamizi, kwamba habari zikimfikia yeye zitanyooka. Msimamizi alikuwa amekaa pembeni. Nikaeleza kwa heshima. Nikanyoosha riboni mbele ya dirisha, nikawaonyesha mkanda mweupe, nikawaonyesha VIPANDE, nikawaonyesha selotepu, nikawaonyesha NZIMA. Nikasema selotepu ya kahawia si yangu, waulizeni wote. Msimamizi hakunitazama mimi. Alimtazama tajiri. Ningeelewa hapo hapo, lakini nilikuwa najisikia mshindi.

Tajiri akasimama, akaushika utepe mwenyewe, akausoma kwenye mwanga taratibu, midomo inacheza. Alisoma muda mrefu.

"Nani mwingine ameuona huu?"

"Mama yangu, mzee."

"Mama anajua kusoma?"

Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake anaendelea vizuri. Kisha akaanza kuuzungusha utepe kwenye bomba lake, polepole, bila kunyanzi hata moja, vizuri kuliko hata mimi. Alipomaliza akauweka kwenye droo, akafunga. Nilikuwa bado nimenyoosha mkono.

"Sasa, binti yangu," akasema kwa sauti ile ile ndogo, "mali hii ya kiwanda ilitokaje getini?"

Nilisema ni takataka. Nilisema zinatupwa kwenye pipa. Nilisema mlinzi anajua. Wakamwita mlinzi. Akasimama mlangoni, kofia imebanwa kwapani, yule aliyekuwa ananiambia nikawafundishe ndege hesabu, akasema hajawahi kuniona na kitu chochote. Aliisema akitazama viatu vyake. Ana watoto na yeye, najua. Sijamsamehe.

Msimamizi ndipo akapata sauti. Akasema kutoa nyaraka za kiwanda nje ni kosa kubwa kuliko hata kukosea lebo. Nyaraka! Kitu kilichokuwa kinavuma juu ya mpunga, saa hiyo kimekuwa nyaraka. Nikamuuliza tajiri, na lebo je? Nani alichapa NZIMA? Akasema hilo ni suala la ofisi, wanalishughulikia. Akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa imeshachapwa, maana yake walikuwa nayo kabla sijaingia, walikuwa wanatafuta tu sababu ya kuijazia. Sababu wakaiandika kwa kalamu mbele yangu. Na juu yake jina langu, majina yote matatu, hayana kosa hata herufi moja. Miaka yote ile nimefanya kazi pale, karatasi ya kwanza yenye jina langu kamili ilikuwa ya kunifukuza.

Nilisaini. Watu wananiuliza kwa nini nilisaini. Mtoto alikuwa analia, mlinzi ameshika mlango, na mimi ushahidi wangu nimeshautia mwenyewe kwenye droo ya mtu. Ningekata hata kipande. Hata kipande kimoja chenye selotepu ningekiacha kwa mama. Sikukata, kwa sababu nilitaka wauone wote, mzima mzima, wasije wakasema nimeuchezea. Ndiyo akili ya kidato cha nne hiyo.

Wenzangu waliniambia baadaye kwamba siku ile ile lilibandikwa tangazo: riboni iliyotumika inachomwa nyuma ya jengo, mbele ya msimamizi.

Sasa hivi nauza maandazi asubuhi, mchana namsaidia mama kuokoa kilichobaki. Kadi hatuna. Mwanangu amelazwa mara moja tangu nitoke, tumekaa kwenye foleni yetu.

Juzi nilikuwa shambani, simu ikaita, namba siijui. Ni binti mmoja wa mabenchi, mdogo, alikuwa anakaa nyuma yangu tulipokuwa tunamenya. Ana ujauzito. Alikuwa mmoja wa wasiocheka siku ile. Alinong'ona, nikajua yuko kwenye chumba cha kufungashia, nimeisikia printa inavyolia nyuma yake.

"Dada, shikamoo. Samahani. Wameniweka kwenye printa. Lebo zinatoka nyeupe."

Marahaba haikutoka haraka. Nilifikiria kumkatia simu. Nilifikiria kile chumba kizima, kontena jeupe pee, katoni nyeupe pee, msimamizi amesimama na jasho. Kisha nikawaza kwamba anayetoa jasho si yeye, ni huyu, na tumbo lake.

Nikamwambia azime, afunue, avute utepe taratibu. Achane kona ya lebo, abandike, abandue. Ina weusi? Akasema haina. Nikamwambia wino uko upande wa pili basi, ageuze riboni, apitishe chini ya kichwa, abandike kwenye bomba kwa ukingo mweupe wa lebo, azungushe mpaka kunyanzi ziishe. Nilimngoja. Mtoto wangu alikuwa anavuta kipande cha mkanda uliobaki kwenye mti, anakitia mdomoni, nikamtoa. Kisha nikasikia printa inaanza kutema, tak, tak, tak, nikajua amefaulu, na nikasikia anacheka kidogo, kicheko kile kile nilichocheka mimi.

Nikamuuliza zinasemaje hizo lebo. Akasoma: NZIMA. Nikamuuliza ndani ya katoni kuna nini.

"Mimi sijui, dada. Mimi naletewa karatasi tu."

Nikamwambia anisikilize. Riboni ikiisha asiichome. Hata kipande, aikunje, aifunge tumboni chini ya kanga, hakuna atakayempapasa mjamzito, aitoe nje, aifiche, asimpe mtu yeyote, hata mimi. Siku moja ataihitaji. Nilisema haraka haraka, nilikuwa najua simu inaweza kukatwa. Nyuma yake printa inaendelea.

"Ya asubuhi nimeshaichoma," akasema. "Ndivyo nilivyoambiwa." Kisha akashusha sauti, na nilisikia kabisa furaha yake, alikuwa anajaribu kuificha ili asiniumize. "Dada, msimamizi amesema mkataba wangu upo kwa tajiri. Unasubiri saini tu."